Aliyelala Chini ya Ukuta wa Ngome

4 Machi

Binti yangu,

Natumai u mzima na zamu za wodini hazikuchoshi. Mimi sijambo, ila goti linanung'unika kila nikipanda ngazi.

Nyumba imepoa mno, basi Jumamosi nikajikokota mpaka ngome kongwe ya ufukweni. Wanachimba mambo ya kale, na watu wanaruhusiwa kutazama. Mama mmoja, kiongozi wa wachimbaji, alitueleza kwamba ukuta wa upande wa bahari ulijengwa na fundi mmoja. Nikanyoosha mkono kama mwanafunzi. Nikasema nimekuwa mwashi miaka arobaini, na chokaa ile ni kazi ya mafundi wawili. Watu walicheka, lakini yeye alinishusha shimoni nimwonyeshe, akaandika. Tangu mama yako atutoke, hakuna aliyeniuliza kitu.

Hii ni barua ya nne. Sikulaumu kwa kutojibu.

Baba yako

29 Aprili

Mwanangu,

Hujambo? Mimi naendelea. Kila Jumamosi niko ngomeni. Wamenibandika jina la Mzee Chokaa.

Juzi brashi zao zilifika kwenye mifupa. Mtu mzima, kalazwa ubavu kando ya ukuta, mikono imekunjwa vizuri. Mgeni mmoja aliuliza alikuwa nani. Yule mama akasema hawajui, kisha akaongeza: "Ila aliyemzika hakuwa na haraka."

Nikatoka nje ya kamba iliyozungushiwa shimo, nikakaa juu ya ndoo.

Mimi nilikuwa na haraka. Uliniomba siku mbili ufike umzike mama yako, nikakukatalia. Nilisingizia kwamba waombolezaji hawawezi kusubiri. Ukweli ni kwamba nilishindwa kukaa naye nyumbani akiwa vile. Nisamehe.

Mei ishirini wanafukia shimo. Ukipata nafasi, njoo tulitazame pamoja.

Baba

2 Juni

Shikamoo Baba,

Mimi mzima. Barua zako zote ninazo. Ya mwisho niliisoma ndani ya basi hadi nikapitiliza kituo.

Mei nilikuwa na likizo. Nilifungasha, nikavaa koti, nikakaa kitandani mpaka saa ya ndege ikapita. Sikujua nitaingiaje nyumba ile bila Mama.

Kusamehe bado, Baba. Lakini kila ninayemuuliza ananijibu alizikwa vizuri, basi. Niambie wewe alivyoondoka. Usinifiche kitu.

Mwanao

14 Juni

Marahaba mwanangu,

Afya ipo. Shimo limefukiwa, nami nilishika koleo na wenzangu. Walipopakia vitu garini waliniaga mmoja mmoja, nikarudi nyumbani kwa miguu.

Umesema nisikufiche kitu. Aliamka alfajiri, akataka nimfungulie dirisha. Hakuwa na maumivu. Alinywa maji kidogo, akaniuliza kama umeshafika. Nikamwambia uko njiani, umekaribia. Akatabasamu, akageukia mlangoni, akabaki anautazama hivyo mpaka mwisho.

Mwanangu, wakati ule nilikuwa bado sijakupigia simu.

Baba yako