Vidole vya Sekela

Vwawa

Dada Vero mpendwa,

Kwanza nauliza miguu yako: bado inavimba ukitoka shamba? Mimi mwilini ni mzima. Tangu tumzike mke wangu Sekela, nyumba imekuwa kubwa mno kwangu. Nimehamia chumba cha uani, nyumba nimempangisha mwalimu mmoja, mama mwenye mtoto mchanga.

Huko Kilosa hamna haja ya moto sebuleni. Hapa baridi ya Juni huingia mifupani, na nyumba hii ya zamani ina mahali pa kuotea moto, na bomba la matofali la kupeleka moshi juu ya paa. Mvua za mwaka huu zimelipasua. Mwalimu alipowasha moto mara ya kwanza, moshi ulijaa sebuleni, mtoto akakohoa mpaka akatapika.

Nikamwita Ambokile, mdogo wake Sekela, ambaye ni fundi. Akagongagonga, akacheka. "Shemeji, bomba lako linavuta sigara na kutolea puani!"

Lakini ufa ulipita chini ya ule udongo mwekundu ambao Sekela alikuwa akiusiriba kwa mkono kila Pasaka. Mistari ya vidole vyake bado ilikuwapo, na kile kidole chake kilichopinda kilikuwa na mstari wake wa pembeni.

"Huwezi kuziba kwa juu tu?" nikamwuliza.

"Moshi hauna heshima, shemeji. Utatafuta njia, umrudie mtoto." Akaigusa ile mistari ya vidole. "Huyu ni dada yangu. Unadhani nyundo hii ni nyepesi kwangu?"

Tukaubandua sote wawili, yeye juu, mimi chini. Nilitaka kubaki na kipande kimoja, kikamomonyoka mkononi. Akatoa matofali mabovu, akajenga upya kwa udongo wa kichuguu, maana saruji tupu hupasuka kwa moto. Akamalizia kwa mwiko, laini kabisa.

Ulipokauka, mwalimu akawasha moto jioni, akaniita. "Baba, karibu uote."

Moshi ulipanda wote. Mtoto alikuwa amelala mgongoni kwa mama yake, anapumua vizuri. Nikapangusa macho.

"Moshi bado unatoka?" mwalimu akauliza kwa hofu.

"Hapana," nikamjibu. Sikuwa na moshi wa kusingizia.

Msalimie shangazi Paulina aliyetulea, na shemeji Kondo, mumeo. Waambie nakula, na watu hapa wananitazama vizuri.

Ni mimi mdogo wako,
Lazaro