Pikapu Inakosa Pumzi

Bonaventura mwanangu, fundi mkuu wa Endagikot,

Nimekimbilia basi la kwenda hospitali ya Haydom. Jicho langu linapasuliwa leo, haliwezi kungoja pikapu yako. Uji uko jikoni. Ndama hajanyweshwa.

Asubuhi umenishusha mara tatu nisukume, na miaka yangu sabini na nne. Umelaumu plagi, umelaumu pampu. Gari inawaka, inatembea kidogo, inazima. Ikipumzika inawaka tena. Nikakuuliza, mfuniko wa tenki ulipopotea, wewe uliziba kwa kitu gani?

"Nailoni na mpira, mama. Nimekaza sana."

Umekaza kweli. Hewa isipoingia, petroli itatokaje? Ukanijibu haya ni mambo ya mafundi.

~~Usinifuate Haydom, nitalala huko huko.~~

Hapa mezani kuna kidumu cha mafuta ya kula. Nimekitoboa juu tundu moja tu. Kiinamishe kwenye bakuli uone kinavyogoma, halafu toboa la pili upande wa pili. Ukishaelewa, legeza nailoni uje unichukue jioni. Nitakuwa nimefungwa jicho moja, lakini nitaona kuliko wewe.

Mama yako,
msukuma gari