Valvu niliyoisahau

Jumanne, Mwiki

Naandika haya nikiwa bado na hofu, na sijui kama ni ya yaliyotokea leo au ni ya uzee.

Leo niliwasha injini yangu ndogo ya mvuke, ile niliyoiunda mwenyewe kwa mabomba ya shaba. Gurudumu likakataa kuzunguka, nikaongeza moto. Mke wangu akaingia na chai. "Baba Ayuma, mbona hiyo kitu inanguruma hivyo?"

Ndipo nilipotazama geji ya kupima nguvu ya mvuke. Mshale ulikuwa umepita alama nyekundu, na valvu ya usalama haijaachilia mvuke hata kidogo. Nilizima moto, nikamvuta mkono hadi nje, tukangoja mpaka injini iliponyamaza.

Baadaye niliifungua valvu nikakuta imezibwa na chumvi nyeupe ya maji yetu ya kisima. "Ni maji tu," nilimwambia. Akaridhika, akaenda kupasha chai.

Lakini maji hayana kosa. Miaka thelathini nimechunga boila kiwandani Thika, na sikuwahi kuwasha moto kabla ya kujaribu valvu. Leo sikukumbuka hata kwamba ipo.

Jumapili, nikiongea kwa simu na ndugu yangu wa tumbo moja, jina lake lilinipotea. Hilo pia sijamwambia mke wangu.