Mwezi Bila Bukari

Jumatatu, tarehe 3 Machi
Nimetoka zamu. Mayai mawili, parachichi, chumvi. Mkate sijagusa. Kichwa bado kinauma kidogo, lakini daktari alisema kitaacha, kwa hiyo kitaacha. Madereva wenzangu walikula maandazi mbele yangu makusudi. Nimewatazama tu.

Daktari wa mgodini alisema bila kuzunguka: sukari iko juu, mwili mzito, na mtu anayeweza kuzimia usukanini haachiwi lori kubwa. Mwisho wa mwezi ananipima tena. Nikishindwa, nitapelekwa getini kufungua na kufunga kizuizi. Mimi, Mama Benne, mwanamke wa kwanza kuendesha benne, lori la kumwaga mawe, katika zamu yetu. Haiwezekani.

Awamu ya kwanza ya mlo alionipangia: hakuna bukari, yaani ugali wetu, hakuna mkate, wali, sukari wala bia. Ya pili, kurudisha kidogo kidogo. Ya tatu, kuishi hivyo. Nimeelewa. Si hesabu ngumu.

Mume wangu Ilunga anajua. Wengine hawana haja. Hapa mgonjwa wa sukari anatazamwa kama marehemu aliyechelewa.

Jumatano, tarehe 5 Machi
Samaki wa ziwa Nzilo, mboga ya lengalenga, vinkubala wa kukaanga. Asiyepata raha kwa viwavi hao wakavu hajalelewa vizuri. Nimeshiba. Lakini kwetu mtu atakula nyama mpaka ashindwe kusimama, halafu aseme hajala kwa sababu hajaona bukari. Nami ni wa hapa hapa. Nimesonga ya Ilunga, mvuke ukanipanda usoni, nikatamani kulia.

Nikamgombeza eti anatafuna kwa kelele. Hakuwa anatafuna kwa kelele.

Jumamosi, tarehe 8 Machi
Sikukuu yetu wanawake. Kitenge ambacho fundi alinishonea Januari kinanipwaya kiunoni. Nimejitazama kwenye kioo cha kabati mbele, nyuma, upande. Nina furaha, na ninaiandika kama ilivyo.

Jirani aliniuliza kwa upole kama Ilunga amepata mwanamke mwingine, au kama naumwa. Hapa mke akikonda lazima mtu ana hatia. Nikamwambia ni kazi. Nikacheza wimbo mzima bila kuhema.

Alhamisi, tarehe 13 Machi
Mama mkwe ameingia kutoka Tenke. Mama Numbi. Ameleta kuku na unga aliosagisha mwenyewe, mahindi na mihogo, mweupe kabisa. Anakaa mpaka Pasaka. Kabla hajanywa maji alikuwa ameshaingia jikoni na kupanga upya sufuria zangu. Nampenda, lakini jikoni ni kwangu.

Ilunga anataka nimwambie kuhusu sukari. Nimekataa. Habari za Tenke hufika Kolwezi kabla ya treni, na za Kolwezi hurudi vivyo hivyo.

Ijumaa, tarehe 14 Machi
Mama alisonga bukari kwa unga wake. Nikasema nimekula kazini. Alinitazama, akafunika sahani.

Jumapili, tarehe 16 Machi
Leo nikasema jino linauma. Akanitafutia dawa ya jino. Nikaitumia. Chungu. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu ina vumbi.

Lakini mzani wa zahanati ya mtaa umeshuka tena. Nitafika.

Jumatatu, tarehe 17 Machi
Nimefanya ujinga. Mama aliniwekea sahani, akatoka uani. Bukari nikammwagia mbwa haraka haraka. Nilipoinua kichwa, alikuwa amesimama mlangoni. Alimtazama mbwa akila. Alimtazama muda mrefu, kama anayengoja aanguke.

Hapo ndipo nilipoelewa alichoona. Kwetu anayekataa chakula cha mikono ya mtu anasema mtu huyo ni mchawi, mulozi. Anayekijaribu kwa mbwa kwanza amelisema kwa sauti.

Jumatano, tarehe 19 Machi
Mama hapiki tena. Amenunua kisufuria chake, anakula peke yake nje. Mimi ananisalimia kama mtu wa ofisini.

Ilunga amenieleza jambo ambalo hajawahi kunieleza lote. Baba yake alikuwa mtu wa reli kule Tenke. Alianza kuwa na kiu isiyokwisha. Akakonda. Akapata kidonda mguuni kikakataa kupona, mguu ukawa mweusi, akafa. Ndugu zake wakasema mke wake, Mama Numbi, amemla kwa uchawi. Wakachukua cherehani na mabati, wakamfukuza yeye na watoto. Aliyesema neno hilo kwanza ni mdogo wa marehemu, Tata (yaani Baba) Kalenga. Sasa ni mzee, anaishi hapa Kolwezi.

Kiu. Kukonda. Kidonda. Daktari alinitajia mambo hayo hayo moja moja, akinionya. Nimekaa kitandani na viatu vya kazi miguuni. Nina hasira na Ilunga, na watu wa Tenke, na mimi mwenyewe zaidi.

Alhamisi, tarehe 20 Machi
Nilitaka kuzungumza na Mama asubuhi. Akainua mkono. Hataki maneno ya pembeni. Ameagiza Tata Kalenga aitwe, huyo huyo, na nitamke mbele yake ninachomshtaki. Baada ya hapo ataondoka.

Ilunga anasema nimwache apoe. Huyu hapoi. Nami sitamwacha aondoke hivyo. Mtaa mzima ukijua, ujue.

Jumapili, tarehe 23 Machi
Wamekuja baada ya misa. Tata Kalenga kwenye kiti, Mama Numbi kwenye kigoda, Ilunga amesimama hajui aweke wapi mikono. Mama akaanza yeye.

"Ulimwangia mbwa bukari yangu. Kama uko naniona mulozi, sema hapa. Huyu tata alishasema zamani. Sema na we, nirudie kwetu."

Nilikuwa nimepanga maneno mengi. Nikasema machache.

"Mama, mi niko na sukari. Docteur alinikataza bukari. Nilificha juu ya kuona haya. Chakula yako haina kitu."

Nilidhani atakasirika. Akasogeza kigoda chake karibu na mimi, akaanza kuuliza, polepole, kama daktari. Kiu ilikuwa hivi na hivi? Nikasema ndiyo, nilikuwa naamka kunywa maji. Nilikuwa nakonda kabla ya kuacha kula? Nikasema hapana, kwangu daktari aliushika ugonjwa mapema. Na mguu?

"Muguu bado, Mama. Njo sababu minaacha bukari."

Akamgeukia mzee. Hakupandisha sauti.

"Kalenga. Umesikia?"

Mzee alivua kofia yake. Ilunga ameniambia kwamba tangu mazishi mzee huyo hakuwahi kumwita mama mkwe wangu kwa jina lolote la heshima.

"Nimesikia, Mama Numbi."

Ni hilo tu. Hakuomba radhi, na niliona wazi kwamba hajui pa kuanzia. Lakini nilimwona akijifuta uso kwa kofia yake.

Jambo kama hilo haliishi kwa mdomo mtupu. Lazima mle sahani moja. Mama akasonga, akaweka sombe, mboga ya majani ya mihogo, katikati, wote wanne tukanawa. Akanikatia tonge mwenyewe, dogo kama punje ya karanga, akaniwekea mkononi. Bukari haimo bado katika awamu yangu. Nimelila. Halijawahi kuwepo tonge tamu vile. Mzee akala baada yangu, kutoka mkono ule ule.

Jumatano, tarehe 26 Machi
Sasa nina polisi jikoni. Mama anapika samaki, mboga, mayai, halafu anasimama mlangoni kuhakikisha sijagusa sufuria ya Ilunga. Kisufuria chake amempa jirani, pamoja na habari zangu zote: muke ya mwana wangu iko na sukari, hajakufa, iko nakula majani. Jirani amekuja kuuliza mimi nakula nini hasa. Mama yake pia ana kiu.

Siri yangu imekufa. Siililii.

Jumatatu, tarehe 31 Machi
Sukari imeshuka. Mwili umeshuka. Daktari alisoma, akasoma tena, akasema nibaki kwenye lori, nianze awamu ya pili: maharage kidogo, tunda kidogo, na atanipima tena. Nikamwambia kuhusu lile tonge. Akacheka.

Mama hangoji Pasaka. Anarudi Tenke kesho, na Tata Kalenga anakwenda naye. Yeye mwenyewe ameomba. Ndugu wengine wawili wa marehemu, wale waliomfukuza Mama, bado wako hai kule.

Jioni Mama aliniomba nimtajie ugonjwa huo kwa jina la madaktari, kwa Kifaransa, ili wasimbishie. Diabète. Akalirudia, nikamsahihisha, akalirudia. Sasa yuko uani anachambua sombe. Namsikia kutoka hapa, analisema taratibu, jani kwa jani.