Zizi Chini ya Uwanja wa Kriketi

Jumamosi jioni.

Hasira haijanitoka. Leo Bwana DC, Mzungu mkuu wa wilaya, amezindua ubao wa uwanja wake wa kriketi, wenye historia na matokeo ya mechi, na mimi mkalimani wake nikasimama kando kuwaeleza watu kwa Kinyaturu. Akasoma kila mechi ambayo timu ya boma imewashinda watu wa reli wa Itigi. Wazee wakapiga makofi bila kujua wanashangilia nini.

Kisha akaingia kwenye historia. “Kabla yetu, hapa palikuwa pori tupu.” Akazisifu nyasi zilivyostawi pale katikati, eti ni mbegu kutoka kwao.

Mbegu! Pale katikati palikuwa zizi letu. Ile ni samadi ya ng'ombe wa baba, ya miaka na miaka, kabla hatujahamishwa.

Mama alikuwa amekaa mbele kabisa, ananitazama. Nikatamka kwa sauti, kwa lugha yake mwenyewe: palikuwa pori tupu.

Nyumbani nimemwamkia shikamoo, hakuitikia. Amenitengea ugali, halafu akaniuliza:

“Kwa hiyo wewe nilikuzaa porini?”