Kofia ya Veikko na Miaka Minane ya Kuusisto

Jumapili, 5 Februari

Baridi ya kukata masikio. Timu yetu ya magongo ya barafuni, Nungunungu, wamefungwa tena jana, nne kwa moja, nyumbani. Aibu!

Leo mgahawani kwa Hilkka kama kila Jumapili — chapati, kahawa, na kelele za Kuusisto. Emmett Kuusisto! Miaka ishirini na mmoja, ndevu tatu kidevuni, na mji wetu mzima wa Thunder Bay umeacha kulalamikia theluji kwa ajili yake. Mkataba wake unaisha kiangazi. Klabu inataka kumwongezea. Swali ni miaka mingapi.

Shemeji Domenico anataka minane. Alipiga meza hadi kahawa ikamrukia sharubu. Eti mtoto bado anakua, ana mikono ya dhahabu, tukimchezea atakwenda timu nyingine aje atufunge sisi wenyewe. Nikamwambia: minane? Hata friji yangu haina dhamana ya miaka minane. Mpe miwili, tumwone. Mtoto hakabi! Akipoteza kile kisahani cheusi cha kupigwa kwa gongo anasimama katikati ya barafu anaangalia dari, kama mtu anayekumbuka alikoweka funguo. Kufunga anafunga, sikatai. Lakini kurudi nyuma? Njia haijui.

Domenico akasema: shemeji, wewe hata Yesu ungempa miwili.

Nikasema: Yesu ameahidi kurudi. Kuusisto hajaahidi.

Ruthanne alicheka hadi keki yake ikaanguka, ule upande wa sukari ya pinki chini. Yeye ni nesi, jirani yangu mtaani na jirani yangu uwanjani, na hana upande. Anasema mpeni mitano mniache nile.

Jumanne, 7 Februari

Mechi leo jioni. Nimepasha gari. Nimechukua blanketi, karanga, kofia ya Veikko.

Hii ni baridi ya pili bila yeye. Kiti chake uwanjani bado ni chake, sikiachi. Naiweka kofia pale, na mchezo ukianza namwambia nani anacheza hovyo. Ruthanne haulizi. Domenico aliuliza mara moja tu, nikamwangalia, hakurudia.

Kofia yenyewe ni mbaya, nakiri. Nilimfumia baridi ya kwanza ya ndoa yetu, sijui kufuma vizuri. Sufu ya rangi ya haradali, upande mmoja umeshuka kuliko mwingine, kishada juu kimeinama kama kimelewa. Aliivaa maisha yake yote bila neno. Ndipo nilipojua kwamba ananipenda.

Jumatano, 8 Februari

Sijui nianzie wapi. Mimi ni mjinga. Mimi ni mjinga mkubwa!

Kuusisto alifunga la kwanza mapema. Domenico akanigeukia na uso ule. Nikasema bahati. Akafunga la pili, zuri, alimwacha golikipa amelala kama zulia. Nikasema ngoja tuone akikaba. Halafu dakika za mwisho — akapora kisahani kwetu kabisa, nyuma kabisa! Alikuwa amerudi kukaba! Akatoka nacho, akapiga, msongamano mbele ya goli, wavu ukatikisika. Bao la tatu!

Na bao la tatu la mtu mmoja, kofia zinarushwa. Ndiyo mila, huwazi, unarusha. Uwanja mzima ulisimama. Kofia zikaruka. Nami nilikuwa juu ya kiti, napiga kelele, «Amerudi nyuma! Amerudi nyuma!» na mkono wangu haukuniuliza kitu. Ulichukua kofia iliyokuwa karibu.

Yangu ilikuwa kichwani. Iko kichwani hadi sasa.

Niliiona ikienda. Kishada kikizunguka. Ikatua karibu na duara la katikati, na vijana wa kukusanya wakaipitia na sepeto pamoja na mamia mengine.

Na hilo siyo baya kuliko yote! Waamuzi wakatazama marudio. Kipaza sauti kikatangaza: bao si la Kuusisto. Kisahani kilimgusa nahodha Halloran kwenye makalio kabla ya kuingia. Bao la Halloran. Kuusisto ana mawili tu.

Kwa hiyo nimerusha kofia ya mume wangu kwa ajili ya makalio ya Halloran.

Ruthanne alinishika mkono hadi kwenye gari. Domenico alikuja nyuma amenyamaza, na Domenico hanyamazi hata kwa daktari wa meno. Nililia kuanzia uwanjani hadi nyumbani.

Alhamisi, 9 Februari

Nimekwenda ofisi ya uwanja. Binti wa pale ni mwema sana. Kofia zote ziko kwenye magunia, zinafuliwa, zinapelekwa kwa wasio na makazi. Akaniruhusu kutafuta. Nimepekua kila gunia. Nimekuta kofia yenye pembe, kofia ya kuogelea, na wigi. Wigi! Mtu alirudi nyumbani na upara katika baridi hii.

Ya Veikko haipo.

Jumamosi, 11 Februari

IPO!

Nungunungu wanacheza ugenini, nilikuwa kwenye kochi na soksi za kufua. Kamera ikaonyesha wachezaji wakishuka kwenye basi, suti zao, tai zao, nyuso za mazishi. Halafu Kuusisto. Suti ya buluu — na juu yake haradali. Upande mmoja umeshuka. Kishada kimelewa.

Nilipiga ukelele, Ruthanne akaja mbio na viatu vya ndani kwenye theluji akidhani nimeanguka.

Mtangazaji akamuuliza kijana ameitoa wapi. Akacheka. Akasema aliichomoa kwenye rundo la kofia baada ya bao lile alilopewa Halloran, maana ndiyo kofia mbaya kuliko zote alizowahi kuziona, na alihitaji kitu cha kumchekesha siku ile.

Mbaya kuliko zote! Mtovu wa adabu. Hana hata aibu, na ndevu zile tatu.

Kisha akafunga mawili. Na alirudi nyuma kukaba. Niliona kwa macho yangu.

Jumapili, 12 Februari

Kwa Hilkka hapakaliki. Nilifanya kosa, nilisema. Nilisema tu, «Ile kofia ni ya Veikko, kesho nampigia simu mtu wa klabu nirudishiwe.» Vijiko vyote vilisimama.

Domenico alipauka. Alinishika mikono yote miwili, mtu ambaye hata Krismasi ananisalimia kwa kidevu. «Shemeji. Nakuomba. Nakuomba kama ndugu. Usiiguse hadi asaini.»

Nikamuuliza sufu inahusiana nini na mkataba.

Akasema hujui mchezo huu au unajifanya? Mtoto anafunga akiwa nayo! Sasa hata ikiwaka moto hataivua. Ukimnyang'anya miguu inakuwa mizito, mabao yanakauka, wakubwa wanaingiwa na hofu, wanampa miwili, anakasirika, anaondoka. Na atakuwa ameondoka kwa sababu yako, Aune. Utaweza kuishi mji huu?

Watu wa meza nyingine wakaanza kuitikia. Mzee mmoja hata simjui alisema amevaa soksi zile zile tangu Jumanne kwa ajili ya kijana, na mimi nashindwa kuazima kofia? Tulikuwa tumeshaanza kuisikia harufu ya soksi kabla hajasema.

Nikasema mimi nilitaka miwili tangu mwanzo. Wakaguna kama nimetukana.

Ruthanne peke yake alicheka. Akasema Veikko hakuwahi kufunga goli akiwa hai, angalia sasa.

Nami nikacheka. Kisha nikaenda chooni nikakaa kidogo.

Jumatano, 15 Februari

Tumeshinda jana. Kuusisto moja, na pasi ya bao. Mtaani watoto wameanza kuvaa kofia za haradali, mama zao wamefuma kwa makusudi upande mmoja ushuke. Mimi ilinitoka hivyo kwa kutojua, wao wanajifunza!

Redioni wanabishana siku nzima. Mmoja anasema kijana atakuwa bora ligi nzima akifika miaka ishirini na mitano. Mwingine anasema ni upepo tu, subirini baridi ijayo. Mwingine anauliza kama kofia nayo imeandikwa kwenye mkataba.

Nami jana niliangalia mechi nzima karibu na kiti kitupu. Nikasema, «Umeona pasi ile?» Kofia haikuwepo ya kuambiwa. Mwanamke wa mstari wa mbele akageuka akidhani namsemesha. Nikamwambia ndiyo, pasi nzuri. Nilitaka kurudi nyumbani kabla ya kipindi cha tatu.

Naitaka kofia yangu. Nimeandika. Naitaka.

Ijumaa, 17 Februari

Ruthanne! Mdomo wake ungefaa kushonwa, badala yake ndiye anayeshona wa wenzake.

Jana mazoezini kijana alipigwa gongo mdomoni, akapelekwa hospitali, zamu ya nani? Ya Ruthanne. Anamsaidia daktari kushona, mtoto amelala pale na kofia kichwani, na yeye anamwambia: unajua hiyo ni ya marehemu? Unajua mjane wake anakaa na kiti kitupu?

Namwuliza kijana alijibu nini. Hakusema kitu, alikuwa na uzi mdomoni. Lakini macho yalimtoka, anasema, na akaivua palepale. Mbele ya daktari! Hajaivaa tena.

Domenico akijua ataniua mimi, si yeye. Mechi ni kesho. Wakala anakuja kesho mchana kujibu klabu. Nimemfokea Ruthanne, kisha nikampa supu ya samaki.

Jumamosi, 18 Februari

Naandika jikoni, haraka.

Saa nne asubuhi, hodi. Kuusisto mlangoni. Mrefu kuliko kwenye televisheni, mdomo umevimba kama soseji, kofia mikononi, kichwa wazi katika baridi hii. Akaniamkia vizuri. Akasema, «Mama, nisamehe. Nilisema ni mbaya.»

Nikasema ni mbaya. Ingia, unaachia joto litoke.

Kaa, kula. Nimempikia chapati, amekula zote kwa upande mmoja wa mdomo, nikapika nyingine. Ameuliza habari za Veikko. Nikamweleza alivyokuwa akipiga kelele peke yake kwenye gari tukifungwa, alivyokataa kuvua kofia hata siku ya harusi ya Domenico. Akacheka, akaumia mdomo, akacheka tena. Hajui kukaa kwenye kiti huyu mtoto, miguu yake imefika chini ya jiko.

Kisha akaiweka kofia mezani, mahali pa Veikko — hakujua ni mahali pake — na akaisukuma kwangu kwa vidole viwili. Akasema ni yako, mama. Hakusema neno juu ya mabao. Lakini macho yake hayakuiacha kofia.

Halafu akasema kingine. Wakala wake yuko njiani. Klabu imeweka mezani karatasi mbili, ya miaka miwili na ya minane, achague. Kila mtu mjini anamwambia minane. Hoteli, duka la dawa, padri. Anaogopa. Itakuwaje akisaini minane halafu akawa mchezaji wa kawaida tu? Ruthanne amemwambia kuna mama mmoja tu mji huu anayempinga. Kwa hiyo amekuja kwa huyo.

Nikasema una kawaida ya kuangalia dari. Akasema anajua. Anasema akipoteza kisahani anaona haya, hataki kuona nyuso za watu. Haya! Na mimi wakati wote huu nilidhani ni uvivu.

Ndipo tukasikia injini ikilia nje. Domenico. Yuko upande wa pili wa barabara tangu kijana aingie, eti anachota theluji mlangoni kwa Ruthanne, amechota sehemu moja hadi majani ya kiangazi yametokea. Alipoona kupitia dirishani kofia iko mezani alipagawa, akarudisha gari nyuma bila kuangalia, sasa amezama kwenye lundo alilolitengeneza mwenyewe. Kuusisto ametoka kumsukuma. Mali ya klabu, siku ya mechi, anasukuma gari la shemeji! Domenico amefungua kioo anamwomba arudi ndani, asije akatenguka nyonga, huku akikanyaga mafuta.

Kofia iko hapa mbele yangu. Inanuka sabuni ya mtu mwingine. Ukingo umepasuka mbele, pale anapoivuta. Kichwa chake kikubwa, masikini. Nimechukua kikapu, sufu ya haradali imebaki tangu wakati ule, sikuwahi kuitupa. Nimeanza kuziba, mistari michache tu, ili niirudishe kitini jioni hii ikiwa nzima.

Nimefika mwisho wa tundu na sindano haikusimama. Nimeongeza upana wa vidole viwili, pande zote. Veikko hakuhitaji vidole viwili.

Mlango. Amerudi, theluji hadi magotini, anapumua kwa kelele. Domenico yuko nyuma yake ameshika sepeto kama mshumaa wa kanisani, hathubutu hata kukohoa. Kijana anauliza, «Kwa hiyo mama, miwili au minane?»

Nimemwambia asinipotezee hesabu ya vitanzi vya sufu. Alete kichwa hapa nipime.