Vidonge Nilivyowagawia Majirani

Mama yako mdogo Solange anaolewa, mjukuu wangu Keza, na wakwe wanaleta ng'ombe wa mahari wa maana, kwa sababu mimi sikuzaa binti wa mchezo. Sasa ndiyo nakusalimu. Hapa Busanza tuko salama. Babu yako anasema huko Mwanza umejifunza mpaka kukohoa kwa Kiswahili.

Umeniuliza kama uache zile steroidi ulizopewa kufungua kifua, kwa kuwa sasa unapumua vizuri.

Nilipokuwa nashona nguo mtaa wa Gisimenti, mama yako akiwa mgongoni, kifua kiliniziba nikapewa kama hizo. Asubuhi ya pili nilifungua dirisha, ukungu umelala mabondeni, na pumzi ikaingia yenyewe, taratibu, kama mgeni anayeijua nyumba. Nilijiona mwepesi, vilima vyote vinapumua na mimi. Kwa furaha hiyo, vidonge vilivyobaki nikawagawia majirani waliokuwa wakikohoa. Kwetu huli peke yako.

Baada ya siku mbili nilirudishwa hospitali nikihema. Muuguzi akauliza, "Mama, dawa iko wapi?"

"Nimegawa."

"Umegawa pumzi kama sukari?"

Nilianza kucheka, kicheko kikakatika njiani kwa kukosa hewa. Ule ukimya nausikia mpaka leo.

Siku ya kuacha atakwambia daktari wako. Vigelegele vya Solange nimekuwekea wewe, na vinataka kifua kizima. Jumamosi ya kwanza ya Agosti, nyote muwe hapa.